Ayoni kupita kwenye metali: inapitaje wakati hakuna tundu?

Ayoni ni atomi iliyopungukiwa au kuzidishiwa elektroni, basi. Sasa ukisikia watu wa fizikia wanasema ayoni "inapita" kwenye karatasi ya metali usiwaze chujio, maana karatasi hiyo haina matundu, hata hewa haipiti, na hapo ndo wakubwa wa zamani walijichanganya.

1892 Hertz, yule yule wa mawimbi ya redio, alikuta mionzi ya kathodi (ile inayotoka ncha hasi ya neli ya kioo iliyotolewa hewa, ukipitisha umeme) inapenya dhahabu iliyopondwa ikawa nyembamba sana. Msaidizi wake Lenard akaendeleza, akaziba neli hiyo kwa kidirisha cha alumini cha unene wa milimita 0.00265 (foili ya kufungia nyama jikoni ni nene kama mara sita hivi), hewa haiingii ila mionzi inatoka nje. Wakasema si mnaona, ingekuwa chembe ingekwama, haya ni mawimbi. Hoja tamu kabisa, tatizo ni kwamba haikuwa kweli, 1897 J.J. Thomson akaonyesha ni chembe ndogo kuliko atomi yoyote, ndo hizi elektroni.

Haya, elektroni ni kadude kadogo, tukaachie. Ila chembe ya alfa, inayotemwa na vitu vyenye mionzi, je? Hiyo ni ayoni kamili, heliamu iliyovuliwa elektroni zote mbili, na bado inapenya, kwa sababu atomi ya dhahabu karibu yote ni uwazi, kiini chake ni kidoti tu katikati na mara chache sana alfa inakisogelea hadi irudishwe. Geiger na Marsden 1909 walikuta kwenye platinamu, metali nzito kama dhahabu, alfa kama 1 kati ya 8,000 ndo inageuka ilikotoka.

Jaribio ninalolipenda mimi ni la Rutherford na Royds, Manchester, ingawa wao walitumia kioo na sio metali. Kineli cha kioo, ukuta haufiki milimita 0.01, ndani gesi ya radoni inayotema alfa, na baada ya siku chache nje wakakuta heliamu. Mbishi atasema imevuja, kwa hiyo wakajaza heliamu ya kawaida kwenye kineli kile kile wakasubiri, hola. Kumbe kinachopenyeza ni spidi, alfa ikishaishiwa spidi inaokota elektroni mbili za jirani inakuwa heliamu kama ya kwenye maputo, na ukuta ule ule iliotoboa mwanzo haiuwezi tena.