Thermostati haitolewi, hata Nairobi

Gari kuukuu likianza kuchemsha, mafundi wengi jijini hutoa thermostati na kuitupa, eti Kenya ni nchi ya joto, haihitajiki. Si kweli. Thermostati ni vali inayofunguka kwa joto; kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta, kile kipozeo cha mbele, mpaka injini ifike joto lake la kazi, kwa kawaida nyuzi 82 hadi 88. Bila hiyo injini huchelewa kupata moto, hula petroli zaidi, na oili huharibika upesi. Tena katika injini nyingi, thermostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini moja kwa moja. Ukiitoa, sehemu ya maji moto huzunguka bila kupitia rejeta, na gari laweza kuchemsha zaidi.

Ipime kwanza. Soma nyuzi zilizochapwa juu yake, ining'inize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, isiguse chini. Ianze kufunguka karibu na namba hiyo. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya bahari na maji huchemka karibu nyuzi 94, hivyo ya 88 huenda isifunguke kikamilifu. Usiilaumu. Presha ndiyo huzuia maji ya rejeta yasichemke mapema, hivyo kwa sababu hiyohiyo kifuniko cha rejeta kisichoshika presha ni hatari zaidi hapa kuliko Mombasa, nacho ni rahisi kubadilisha.

Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, kagua feni. Likichemsha mlimani au kwa kasi, shuku rejeta iliyoziba. Maji yakipungua bila kuvuja na mapovu yakiendelea kutoka kwenye rejeta, yaelekea gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imeungua. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa baridi tu.