Jina la ugonjwa si ulemavu: tunayokosea kuhusu ubongo wa mtoto

“Ugonjwa ukishajulikana, ulemavu wake umejulikana.”

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine nyingi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya wanayo. Kwenye kadi ya kliniki linaandikwa “mtindio wa ubongo” (cerebral palsy: jeraha la ubongo la utotoni linalovuruga mwendo na mkao), na mzazi anaondoka akidhani amesomewa hukumu nzima. Jina hilo linaeleza tu kilichoupata ubongo. Halisemi kama mtoto atajivalisha shati, au kama atatumwa dukani akarudi na chenji.

Chukua watoto wawili wenye mtindio. Mmoja anachechemea kidogo na kila jioni yuko nje anacheza kombolela. Mwenzake ana miaka sita na shingo bado haijakaza. Ndiyo maana tangu 1997 wataalamu hutumia kipimo cha mwendo chenye ngazi 5 kilichoandaliwa Kanada. Wa ngazi ya 1 anatembea na kupanda ngazi za jengo bila kushikwa, wa ngazi ya 5 anabebwa au kusukumwa kila aendako. Kadi ikiwa na jina bila ngazi, ulizia ngazi.

Dodoso la watoto la UNICEF la mwaka 2016 limekwenda mbali zaidi: halijali jina la ugonjwa. Mama anaulizwa kama mwanawe, akilinganishwa na wa rika lake, ana shida ya kutembea, kueleweka anapoongea, kujifunza mambo. Majibu ni manne: hana shida, ana shida kiasi, ana shida kubwa, hawezi kabisa. Kwa maswali mengi, majibu mawili ya mwisho ndiyo yanayomweka kwenye hesabu ya watoto wenye ulemavu.

“Ulemavu wa ubongo utauona tu kwa macho.”

Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walichuja watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9 na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Katika kila watoto 1,000, 61 walikuwa na hitilafu ya kati au kubwa ya mfumo wa neva. Wenye kifafa walikuwa 41, wenye shida ya kufikiri na kujifunza 31, ya kusikia 14. (Mtoto mmoja aliweza kuingia kwenye makundi mawili au matatu.) Wenye shida ya viungo, yaani wale ambao mtaa mzima ungewatambua, walikuwa 5.

Waliobaki ndio hao tunaowaita wazito, wakaidi, au “huyu kichwa chake kigumu”. Wanakaa dawati la nyuma na kuchapwa kwa kutosikia, na kumbe wengine kweli hawasikii.

“Kifafa ni ugonjwa tu, si ulemavu.”

Hapa pana utata wa kweli. Wale 41 wa Kilifi ni wote waliowahi kuwa na kifafa katika maisha yao. Waliokuwa na kifafa kinachoendelea walikuwa 11 tu kwa kila 1,000. Je, ambaye kifafa chake kimeshatulia bado ni mlemavu? Ukiangalia degedege peke yake, hapana. Ila muulize kama yuko darasani. Kuna shule humwambia mzazi “mlete akishapona kabisa”, mwaka unapita, wa pili unapita, mtoto yuko nyumbani anachunga mbuzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 unasema hitilafu ya mtu inapokutana na vizuizi ndipo anaposhindwa kushiriki sawa na wengine. Kwa mtoto huyu, kwa maoni yangu, kizuizi kilichobaki ni ofisi ya mwalimu mkuu.

Na lile povu linalomtoka mtoto mdomoni anapoanguka kifafa haliambukizi. Yaliyosemwa kuhusu povu yamewaacha watoto wakiungua kwenye jiko la mkaa bila mtu wa kuwavuta.

“Mtoto wa mtindio hana akili.”

Takriban nusu yao wana shida ya akili ya viwango mbalimbali. Nusu nyingine hawana, na wanaoumia zaidi kwa dhana hii ni wale ambao ubongo wao uliathirika kwa manjano makali ya siku za mwanzo, yaani ule umanjano wa ngozi na macho ya kichanga. Manjano hupiga sehemu za ndani zinazoratibu mwendo: mikono inajipinda, uso unakunjamana, neno haliji. Watu wanamzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo, naye anaelewa yote. Muulize “baba yuko wapi?” halafu tazama macho yake yanakwenda wapi. Manjano hayohayo huharibu usikivu, kwa hiyo masikio yapimwe kabla ya kumhukumu akili. (Jua la asubuhi dirishani si tiba ya manjano makali. Tiba ni taa maalumu za hospitalini, tena mapema.)

“Mama ana la kujibu.”

Uchawi, laana, mimba ya nje ya ndoa: orodha ni ndefu na yote yanamwangukia mwanamke. Vyanzo vinavyojulikana ni kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa uchungu, maambukizi, manjano, na kwetu, malaria kali iliyopanda kichwani. Mashariki mwa Uganda, ambako watoto karibu 3 kwa kila 1,000 walikutwa na mtindio, takriban robo ya kesi ilitokana na magonjwa ya baada ya kipindi cha uchanga, malaria ikiongoza.

“Mwache, hata babu yake alichelewa kutembea.”

Huenda. Lakini wa miezi 4 ambaye shingo haijakaza, au wa miezi 9 ambaye hakai bila kuegemezwa, apelekwe akaonwe. Na yule anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, ambaye bibi anafurahi kwamba “huyu ni wa mashoto”, aangaliwe ule mkono wa pili: je, ngumi inafunguka? Kabla ya umri huo mtoto hachagui mkono.

“Mtindio unazidi mwaka hadi mwaka.”

Jeraha la ubongo halizidi. Kinachobadilika ni mwili: mifupa inarefuka, misuli iliyokaza haifuati, nyonga inaanza kutoka mahali pake. Aliyekaa vizuri akiwa na miaka 3 anaweza kupinda akiwa na 9 kama hakufanyiwa mazoezi wala kupewa kiti kinachomfaa.

Lakini kama alikuwa anakaa na sasa hakai, alikuwa anaita “mama” na sasa haiti, tena uwezo unazidi kupotea wiki kwa wiki, huenda si mtindio huo. Arudishwe kwa daktari na lile jina lililoandikwa kwenye kadi lichunguzwe upya.