Gitaa Kavu la Jazz: Yasemwayo Mtwara na Yalivyo

Kijana wa Mtwara au Lindi akisema anataka kuishi kwa gitaa kavu (lisilo la umeme) la jazz, majibu humjia haraka. Mengine humvunja moyo bure, mengine humpa matumaini yasiyo na mguu.

Dhana: Mpiga gitaa ni solo

Solo ni kupiga mbele huku wengine wakikusindikiza, na dhana hii ndiyo inayopoteza wengi. Freddie Green, mpiga gitaa wa Marekani, aliingia orkestra ya jazz ya mpiga piano Count Basie mwaka 1937, akabaki humo karibu bila kukatika hadi alipofariki mwaka 1987. Kwa miaka yote hiyo, solo zake ni za kutafuta kwa tochi. Kazi yake ilikuwa rithimu, mapigo manne kila ba (kipimo kimoja cha muziki), bega kwa bega na besi na ngoma. Nyuzi aliziacha juu sana ya shingo ya gitaa ili zitoe sauti yenye nguvu, na kodi za gitaa (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) mara nyingi alizipunguza hadi nota moja au mbili za nyuzi za katikati. Hakutumia umeme, ingawa alizungukwa na tarumbeta na saksafoni. Ukumbini wengi hawakumsikia waziwazi, lakini wenzake jukwaani walimwegemea yeye. Ndiyo maana nawaambia vijana: jifunzeni kwanza kuwafanya wengine wasikike vizuri. Mtu wa namna hiyo huitwa tena.

Dhana: Ukiweza solo la dansi, jazz umeimaliza

Magitaa ya Kilwa Jazz, bendi ya dansi ya marehemu Ahmed Kipande, nayapenda mno, na simshushi mtu wa dansi. Lakini dansi huzunguka kwenye kodi chache, magitaa yakijibizana. Wimbo wa jazz mara nyingi una ba 32, kodi zikibadilika karibu kila ba, na anayebuni solo lazima azifuate zote. Mkono wa dansi unakuja na mwendo mzuri; masikio ndiyo yanaanza darasa la kwanza.

Dhana: Bila vidole kamili na elimu ya nota, huwezi

Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri wa jazz, aliungua mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikalemaa. Mwaka 1934 alikuwa Paris na kundi la magitaa, besi na fidla ya Stéphane Grappelli, bila ngoma, akipiga solo kwa vidole viwili. Nota hakuzisoma. Hata hivyo, wewe zisome, kwa sababu anayesoma hupata kazi za studio ambazo mwingine hapewi.

Dhana: Ala hizi ni za watu wa mbali

Klarineti nyingi za kitaalamu duniani huchongwa kwa mpingo, na mafundi wa magitaa huutumia pia. Misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa la usimamizi wa misitu, mwaka 2009 kwa uvunaji endelevu. Mti wetu uko jukwaani siku nyingi. Adui wa kweli hapa ni hewa ya bahari: nyuzi zinashika kutu na mbao zinavimba, kwa hiyo futa nyuzi kila ukimaliza na ulitunze gitaa ndani ya kasha.

Dhana: Lazima upate bendi moja ikulipe mshahara

Hata Marekani, wengi huchanganya: kufundisha, harusi, hoteli, kurekodi. Huku kwetu fedha hufuata korosho. Minada ikifunguliwa Oktoba, shughuli huongezeka. Masika mambo hupoa. Panga wanafunzi wako kwa miezi hiyo mikavu ya mfuko, na kwa harusi dai malipo ya awali na nauli kabla hujatoka nyumbani.