Yohana anamtangulia nani? Kuzaliwa kwa Yesu na swali la yeye ni nani hasa

Nafundisha Agano Jipya, na kila Krismasi ikikaribia swali ni lile lile, kwamba mwalimu, hizi habari za kuzaliwa zinaonyesha kweli Yesu ni Mungu au zinaonyesha tu alizaliwa kimuujiza? Swali zuri sana, manake wengi tukishafika kwenye bikira tunaona kazi imeisha. Haijaisha. Adamu hakuwa na baba wala mama, na Luka mwenyewe kwenye ukoo wake sura ya 3 anamfikisha mpaka "wa Mungu", lakini hakuna mtu anayemsujudia Adamu. Kwahiyo muujiza peke yake hautoshi, inabidi uangalie waandishi wanamzungumziaje huyu mtoto.

Mimi naanzia Luka sura ya 1. Ebu isome taratibu utaona Luka amepanga mimba mbili sambamba, ya Elisabeti na ya Mariamu, malaika ni yule yule Gabrieli, anawatoa wahusika hofu kwa maneno yale yale, anatoa jina la mtoto, halafu anaeleza mtoto atakuwa nani. Ukishaona zinafanana hivyo ndio unaanza kuona zinapoachana. Yohana Mbatizaji, mtoto wa Elisabeti, atajazwa Roho Mtakatifu tangu tumboni mwa mamaye, Yesu anachukuliwa mimba kwa huyo Roho. Yohana ni nabii wake Aliye juu, Yesu ni Mwana wa Aliye juu. Yaani nabii tena mkubwa kabisa, ambaye Yesu mwenyewe baadaye anasema katika waliozaliwa na wanawake hakuna aliye mkuu kuliko yeye, amewekwa hapo ili tuone mwenzake si nabii tu.

Sasa kuna kitu kinapitwa sana. Mstari wa 16 na 17, Zakaria, mume wa Elisabeti, anaambiwa mwanawe atawarejeza wengi katika Waisraeli kwa Bwana Mungu wao, "naye atatangulia mbele zake". Mbele za nani? Sentensi ina mmoja tu, Bwana Mungu wao. Zakaria, aliyekuwa amefanywa bubu, kinywa kikifunguka anarudia hilo hilo, utatangulia mbele za uso wa Bwana umtengenezee njia zake, na nyuma ya maneno hayo wapo Isaya 40 na Malaki 3 ambako anayekuja ni Mungu mwenyewe. Haya, endelea na injili yote uangalie Yohana alimtangulia nani, aliyetokea nyuma yake ni Yesu wa Nazareti na hakuna mwingine. Luka hajasimama kutufafanulia, ameacha matukio yaseme, na kwangu mimi hii ndio hoja nzito kuliko zote kwenye sura mbili za kwanza za Luka.

Mathayo anapita njia yake. Ukoo wake ni fulani akamzaa fulani mwanzo mpaka karibu na mwisho, alafu akifika kwa Yusufu mtiririko unakatika, hasemi Yusufu akamzaa Yesu, anasema ni mume wa Mariamu ambaye Yesu alizaliwa kwake. Lakini Yusufu ndiye anayempa mtoto jina, na kwa kumpa jina anamkubali kuwa wake kisheria, ndipo Yesu anaingia nyumba ya Daudi. Na ile Imanueli ya sura ya 1, Mungu pamoja nasi, inakuja kukamilika sura ya 28 Yesu akisema mwenyewe "mimi nipo pamoja nanyi siku zote".

Ila naomba tusielewe vibaya, hii haimfanyi nusu Mungu nusu mtu kama watoto wa miungu wa Wagiriki. Hakuna mungu aliyelala na mwanamke hapa, na mtoto ni mtu kamili, anatahiriwa siku ya nane, anapelekwa hekaluni na sadaka yenyewe ni ndege wawili, sadaka ambayo Walawi 12 inamruhusu mama asiyeweza kupata mwanakondoo. Familia haikuwa na uwezo, ndivyo ilivyokuwa. Marcion, mwalimu wa karne ya pili aliyetengana na kanisa la Roma mwaka 144 hivi, hakutaka Kristo wa namna hiyo, na injili yake ikaanzia mwaka wa 15 wa Kaisari Tiberio, Yesu akiwa tayari mtu mzima, bila mimba, bila kuzaliwa wala ndege wawili. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage kule Afrika Kaskazini, alimjibu kwa ukali na alikuwa sahihi, maana asiyezaliwa hana mwili, na asiye na mwili hajafa wala hajafufuka.

Kosa la upande wa pili ni kusema Yesu alianza kuwa Mwana pale alipobatizwa, na hilo Luka 1:35 inalizuia, ni Mwana toka tumboni. Ndio maana mtaguso wa Efeso, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 431, ulipomtetea Mariamu aitwe Mama wa Mungu, kilichokuwa kinapiganiwa ni mtoto, kwamba aliyezaliwa ni nafsi moja na nafsi hiyo ni ya Mwana wa Mungu. Elisabeti alishatangulia kusema huku mimba ya Mariamu ikiwa bado changa kabisa, "limenitokeaje neno hili, hata mama wa Bwana wangu anijilie mimi?"