Je, wajua kwa nini kocha mwingine wa mpira wa kikapu haombi taimauti hata timu yake ikichapwa?

Timu pinzani imefunga pointi kumi mfululizo. Wachezaji wako wameanza kulaumiana kwa macho, na mashabiki nyuma ya benchi wanapaza sauti wakitaka mchezo usimamishwe kidogo timu izungumze: "Taimauti, kocha!" Kocha mwenyewe amekunja nne, anatazama tu. Ndivyo alivyokuwa Phil Jackson alipozifundisha Chicago Bulls na baadaye Los Angeles Lakers, na wengi walidhani ni kiburi au uvivu. Lakini huyu ndiye kocha mwenye mataji mengi kuliko wote katika historia ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani: 11, sita akiwa Chicago na matano akiwa Los Angeles. Kimya cha mtu wa namna hiyo si cha kupuuzwa.

Sababu ya kwanza ni rahisi: taimauti ni chache. NBA leo kila timu ina 7 kwa mchezo, za sekunde 75 kila moja, na dakika tatu za mwisho huwezi kutumia zaidi ya mbili. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinazotumika kwenye ligi zetu nyingi Afrika Mashariki, ni bahili zaidi: mbili kipindi cha kwanza, tatu cha pili, dakika moja kila moja, na usizotumia kabla ya mapumziko zimekufa. Anayezimaliza mapema hujuta. Kwenye fainali ya vyuo vikuu vya Marekani ya 1993, Michigan walikuwa nyuma 73-71 dhidi ya North Carolina, sekunde 11 zimebaki, na Chris Webber akaomba taimauti ambayo timu yake haikuwa nayo. Ikawa faulo ya ufundi, adhabu inayowapa wapinzani mitupo huru, na mchezo ukaisha 77-71.

Lakini uchache peke yake haumwelezi Jackson, maana hata alipokuwa nazo za kutosha alikaa. Jibu lake hasa linaanzia mazoezini. Bulls walicheza mfumo wa pembetatu uliofundishwa na msaidizi wake Tex Winter, ambao hauna mchezo wa kuamriwa kutoka benchi kila mara. Mwenye mpira anasoma beki amesimama wapi, na wenzake wanne wanajipanga kulingana na alichokiona. Timu inayocheza hivyo ikisubiri kuambiwa kila kitu, mfumo wenyewe umekufa. Ndiyo maana Jackson aliwahi kuwafanyisha wachezaji mazoezi bila mtu kusema neno, na mara nyingine taa zikiwa zimezimwa, wajifunze kuhisiana. Mchezo ukiharibika alitaka waone wenyewe ni wapi panavuja na wapazibe.

Matunda yake yalionekana Juni 14, 1998, Salt Lake City, mchezo wa sita wa fainali ya NBA. Utah Jazz walikuwa mbele 86-85. Michael Jordan akamnyang'anya Karl Malone mpira zikiwa zimebaki sekunde kama 19. Makocha wengi pale wangesimama na kuomba taimauti ili wachore mchezo wa mwisho. Chicago hawakuomba. Taimauti ingempa kocha wa Utah, Jerry Sloan, nafasi ileile: kupanga ulinzi, kuingiza mabeki wake bora, kuamua nani amfuate Jordan kwa pamoja. Badala yake Jordan alipandisha mpira huku Utah bado wanajipanga, akabaki na mlinzi mmoja wa Utah, Bryon Russell, peke yake, akarusha. Ilikuwa 87-86, sekunde 5.2 zimebaki. Taji la sita.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hatulitilii maanani, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Timu inayofunga takriban nusu ya mitupo yake ikikosa sita mfululizo, haijageuka mbovu ghafla. Mtupo wa saba bado una nafasi ileile ya kuingia. Sasa kocha huomba taimauti lini? Hali inapokuwa mbaya kabisa. Wakirudi uwanjani, mipira inaanza kuingia kama ambavyo ingeingia hata wasingeitwa, na sifa zote zinakwenda kwenye ubao mweupe wa kocha. Sisemi taimauti haina kazi. Inawapumzisha waliochoka, inaruhusu kubadilisha wachezaji, inatuliza hasira. Ila sehemu ya "nguvu" yake ni bahati inayorudi kwenye kawaida yake, na kocha anayelijua hilo haogopi pointi kumi.

Zaidi ya hapo, dakika moja mtu atafundishwa nini, mapigo ya moyo yakiwa juu na ukumbi ukinguruma? John Wooden, aliyeipa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, mataji 10 ya vyuo vikuu ndani ya misimu 12 kati ya 1964 na 1975, alikuwa mgumu vilevile kuomba taimauti. Alikaa benchi na karatasi ya ratiba aliyoikunja mkononi. Kufundisha alikuwa ameshamaliza tangu katikati ya wiki. Watafiti wawili, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walihudhuria mazoezi yake msimu wa 1974-75 wakiandika kila anachosema. Walihesabu vitendo 2,326 vya kufundisha. Zaidi ya nusu vilikuwa maelekezo matupu: fanya hiki, hivi, sasa. Sifa na karipio vilikuwa sehemu ndogo. Mchezaji akikosea, Wooden alimwonyesha namna sahihi, akaigiza kosa lake, kisha akarudia namna sahihi, yote kwa sekunde chache, na zoezi likaendelea. Kosa lilikamatwa likiwa bado bichi.

Steve Kerr, aliyekuwemo kwenye Bulls ile ya 1998, alikwenda mbali zaidi. Februari 12, 2018, akiwa kocha wa Golden State Warriors, aliwaachia wachezaji waongoze taimauti wenyewe dhidi ya Phoenix Suns. Andre Iguodala alikuwa miongoni mwa walioshika ubao. Walishinda 129-83. Wapo waliosema ni dharau kwa Phoenix. Kerr alieleza kwamba wachezaji walikuwa wameacha kuisikia sauti yake.

Ila wapo walio kinyume kabisa, na nao wanashinda. Gregg Popovich, aliyekuwa kocha wa San Antonio Spurs na ambaye Kerr alimchezea pia, alijulikana kwa kuomba taimauti hata mchezo haujachangamka, beki mmoja akizembea tu. Hata hivyo kosa kubwa kuliko yote la timu yake hakulifundisha ndani ya taimauti. Juni 18, 2013, mchezo wa sita wa fainali, Spurs waliongoza kwa pointi tano zikibaki sekunde 28 tu kuwa mabingwa. Miami Heat wakapunguza pengo hadi pointi tatu, wakaokota ribaundi, yaani mpira wa mtupo uliokosa, Ray Allen akasawazisha kwa pointi tatu kutoka kona, Spurs wakapoteza 103-100 muda wa nyongeza, kisha wakapoteza na mchezo wa saba. Maandalizi ya msimu uliofuata yalipoanza, Popovich aliwakalisha wachezaji wakautazama mkanda wa kipigo kile, kosa kwa kosa. Juni 2014, kwenye fainali, waliifunga Miami hiyohiyo michezo minne kwa mmoja.

Kwa walimu wa kikapu wa shule zetu, wanaofundisha watoto wa miaka 14 na kupiga kelele kila mpira unapodunda, pa kuanzia ni Kerr kuliko Jackson. Mtoto asiyefundishwa kusoma beki hatamsoma kwa sababu kocha kanyamaza. Mpe ubao mazoezini, mwenzake asimame kama kocha msaidizi, na wapewe dakika moja ya FIBA, kwa saa, waseme wao kwanza nini kimeharibika. Wewe zungumza zikibaki sekunde 15.