Tukio la chuki: maana yake na kazi ya kamati ya ujumuishi

Tukio la chuki ni kitendo, kauli au ishara inayomlenga mtu au kundi kwa sababu ya rangi, kabila, dini, nchi ya asili, ulemavu au sifa nyingine ya aina hiyo. Kinacholifanya tukio liwe la chuki si ukali wake, bali ni sababu iliyofanya mlengwa achaguliwe. Majirani wawili wakizozana juu ya mpaka wa kiwanja, huo ni ugomvi wa mpaka. Mmoja akimwambia mwenzake arudi kwao na dini yake, ugomvi umechukua sura nyingine, hata kama mpaka ndio ulioanzisha maneno.

Watu wengi huchanganya tukio la chuki na uhalifu wa chuki. Uhalifu wa chuki huhitaji mambo mawili kwa pamoja: kwanza kosa la jinai, kama vile kupiga, kutishia au kuharibu mali, na pili nia ya kibaguzi iliyo nyuma ya kosa hilo. Likikosekana lile la kwanza, polisi mara nyingi hawana shtaka la kufungua, lakini aliyetukanwa kila asubuhi katika kituo cha basi kwa sababu ya vazi lake hajapata nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba sheria haikuvunjwa. Uchochezi una kipimo chake: Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara ya 20, unataka sheria ipige marufuku uchochezi wa chuki unaoelekea kuleta ubaguzi, uhasama au ukatili, na Mpango wa Rabat wa mwaka 2012, mwongozo wa wataalamu ulioandaliwa chini ya Umoja wa Mataifa, ulitaja mambo sita ya kupimia, miongoni mwake hadhi ya msemaji, nia yake na uwezekano wa madhara kutokea.

Kati ya jinai na maudhi yasiyo na shtaka ndipo inapoingia kamati ya ujumuishi, yaani ya kuhakikisha kwamba kila mkazi anaweza kushiriki maamuzi na huduma. Kwa kawaida huundwa na halmashauri ya mji au wilaya, wajumbe wake wengi ni wakazi wanaojitolea, na haina mamlaka ya kukamata, kushtaki wala kuadhibu mtu. Kazi yake ni kupokea taarifa, kuziandika, kumwelekeza mhusika kwa polisi, mwanasheria au mshauri nasaha, na kuishauri halmashauri juu ya kinachojirudia.

Swali gumu ni nani anayeamua kwamba tukio ni la chuki. Nchini Uingereza, ripoti ya uchunguzi wa mauaji ya kijana Stephen Lawrence, aliyeuawa London mwaka 1993, ilipendekeza mwaka 1999 kwamba tukio lihesabiwe kuwa la kibaguzi iwapo mwathiriwa au mtu mwingine yeyote analiona hivyo. Kigezo hiki ni cha kufungulia jalada, si cha kumtia mtu hatiani, na anayekisoma kama hukumu amekosea. Hata hivyo kuandika nako kuna mipaka: mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo iliamua kwamba mwongozo wa polisi kuhusu kurekodi matukio ya chuki yasiyo ya jinai uliingilia uhuru wa kujieleza kuliko ilivyostahili. Kamati yenye busara, kwa hiyo, huandika kilichosemwa au kilichotendwa, wala haigeuzi kila maoni yanayoudhi kuwa tukio.

Chukua mfano wa maandishi ya matusi kwenye ukuta wa nyumba ya ibada. Hamu ya kwanza ya kila mtu ni kuyasugua, na ni hamu ya haki, kwani yakibaki yanaendelea kutukana kila anayepita. Lakini kabla ya maji na brashi inatakiwa picha inayoonyesha ukuta mzima, nyingine ya karibu, saa na tarehe, na jina la aliyeyaona kwanza. Maneno yenyewe huandikwa kama yalivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia. Karani anayeandika tu kwamba ukuta ulikutwa na “maneno machafu” ameihifadhi heshima ya daftari na kuupoteza ushahidi, kwa sababu maneno yaleyale yakitokea mtaa mwingine miezi sita baadaye hakuna atakayeweza kuyalinganisha.

Baada ya hapo ridhaa ya mwathiriwa ndiyo inayoongoza. Wengine hawataki polisi, wengine hawataki hata mwajiri wao ajue. Kwa maoni yangu kamati nyingi hukimbilia tamko la kulaani mapema mno, na tamko linaloeleza kwamba aliyelengwa ni familia ya asili fulani katika mtaa wenye familia moja tu ya asili hiyo limeshamtaja mtu kwa jina.

Ujumuishi wenyewe huonekana kama kazi tofauti: mkalimani kwenye mkutano, ukumbi usio na ngazi, saa inayomfaa mfanyakazi wa zamu. Lakini mtu hupeleka siri yake kwa anayemfahamu. Tafiti za waathiriwa nchini Marekani zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya uhalifu wa chuki hauripotiwi polisi, na kamati isiyojulikana mitaani haitapata zaidi ya walichopata polisi.

Ndiyo maana takwimu za kamati changa husomwa kwa uangalifu. Taarifa zikiongezeka katika mwaka wake wa pili, huenda chuki imezidi, lakini pia huenda watu wameanza kuiamini. Njia mojawapo ya kutofautisha ni kuuliza, taarifa inapopokelewa, kama mtoa taarifa aliwahi kupatwa na jambo kama hilo kabla yake na akanyamaza.