Molasi ya TPC na ndoto ya plastiki

Nikitaja kazi yangu hapa Moshi, swali huwa lile lile: TPC, kiwanda chetu cha sukari, wana miwa mpaka macho yanachoka, mbona hatutengenezi plastiki ya sukari? Kemia haijashindikana. Mkemia Carothers wa kampuni ya DuPont aliandika juu ya polima (minyororo mirefu ya molekuli) ya asidi ya laktiki mwaka 1932, na huko Nebraska, Marekani, kiwanda kikubwa cha plastiki hiyo, PLA, kilianza kazi 2002.

Kuchachusha sukari upate asidi hiyo ndiko rahisi. Bakteria wake ni ndugu wa wale wanaogandisha maziwa: wape sukari na joto, watakutolea asidi. Ila asidi ikizidi inawalemaza wenyewe, kwa hiyo unatia unga wa chaki kidogo kidogo. Povu linapanda, hewa ya ukaa inatoka, wadudu wanaendelea kula. Sasa lakini ulichonacho ni chumvi ya kalsiamu, asidi imefungwa humo. Kuifungua unamimina asidi ya salfuriki, na papo hapo linajitenga tope jeupe zito linaloziba vitambaa vya kuchujia. Hiyo ni jasi. Kwa kila tani ya asidi ya laktiki unabaki na jasi karibu tani nzima, na mteja wa jasi chafu simjui.

Bado maji. Kilichotoka kwenye tangi ni maji kwa sehemu kubwa, na kuyavukiza kunataka moto. (Msiniambie makapi ya miwa; hayo tayari yanachomwa kiwandani kuendesha boila.) Molasi nayo, yale masalia mazito ya kutengeneza sukari ambayo ndiyo ungewalisha bakteria, inakuja na rangi, chumvi na takataka nyingine, wakati polima inataka asidi safi kabisa, la sivyo minyororo yake inabaki mifupi na plastiki haina nguvu. Gharama iko hapa kwenye kusafisha, wala si kwa bakteria.

Na ukivuka yote hayo, kikombe cha PLA ya kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Mpelekee mama ntilie wa Kiboriloni akumiminie chai uone.

Mimi ningeiacha plastiki kwanza, niuze asidi yenyewe. Watengeneza ngozi huitumia kuondoa chokaa kwenye ngozi kabla ya kuitia dawa ya kuifanya isioze, na hawahitaji usafi wa kiwango cha polima. Viwanda vya ngozi tunavyo, kile cha Karanga hapa Moshi si mbali.